Wewe Unarudi Jumatatu, Wao Wanabaki

Somo la wiki: Mgeni mbele ya sheria na desturi za mwenyeji wake

Maandiko ya kusoma nyumbani: Mathayo 17:24-27, Danieli 1:3-16, Yeremia 29:4-7, 1 Petro 2:11-17, 1 Wakorintho 9:19-23



Wacha nianze na aibu yangu mwenyewe, nisionekane kama ninawanyoshea wengine kidole.

Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, digrii ya biashara bado inanukia wino. Mimi na marafiki watatu tulichanga pesa kwa chama mwaka mzima ili Desemba twende Dubai kushangilia timu yetu ya raga ya wachezaji saba kila upande. Kama umewahi kuona mashindano hayo kwenye runinga, unajua vile Wakenya hujaa pale na bendera zao mpaka mtu anadhani ni Nairobi.

Jumamosi usiku, tukirudi hotelini, tukaingia kwenye treni ya metro. Tukaona behewa lenye nafasi, tukaingia tukiimba. Hatukusoma maandishi ya rangi ya waridi yaliyosema kwamba behewa hilo ni la wanawake na watoto. Akina mama waliokuwa mle wakasogea pembeni. Sisi tukadhani wanatupisha.

Kituo kilichofuata mkaguzi akaingia, akatuomba tushuke. Faini ni dirhamu 100 kila mmoja. Hapo ndipo ujuaji wetu ulipoamka. Tukaanza kubishana kwa sauti: hatukujua, sisi ni wageni, mbona hamkutuambia, kwani ni nini kubwa hapa? Mlinzi mmoja wa pale kituoni, mtu wa makamo, akasikia Kiswahili chetu akaja pole pole. Kumbe ni Mkenya. Akamwomba mkaguzi radhi kwa niaba yetu, akatuambia tulipe. Tukalipa.

Kisha akatuangalia. Mimi nilikuwa nimevaa fulana ya kongamano la vijana, jina la Yesu limeandikwa kifuani kwa herufi kubwa. Macho yake yakatua pale. Akasema, "Wadogo zangu, nyinyi mnarudi Jumatatu. Mimi ninabaki. Kesho nikiingia kazini, hawa hawatakumbuka majina yenu. Watakumbuka tu ni Wakenya."

Kuhusu fulana hakusema neno. Afadhali angesema.

Nimehubiri mara nyingi tangu siku hiyo, lakini mahubiri ya yule mlinzi yalichukua dakika moja na bado ninayasikia. Ndiyo somo letu wiki hii.

Tunalihitaji sasa. Mwaka 2027 Kombe la Mataifa ya Afrika litachezwa Kenya, Uganda na Tanzania, na ninajua vijana wa kanisa hili ambao tayari wana chama cha kwenda Dar es Salaam. Wengine wana jamaa wanaofanya kazi nchi za Ghuba. Wengine wana watoto wanaokimbia au kucheza raga, na ipo siku wataitwa nje. Tuzungumze mapema.

1. Pasipoti yako ina wadhamini

Nyinyi wenye mikopo ya SACCO mnaijua hii hesabu. Ukikopa, watu kadhaa wanaweka sahihi kukudhamini. Ukikataa kulipa, SACCO inashika akiba zao. Mama aliyeweka akiba yake miaka kumi anaumia kwa sababu ya mtu aliyebadilisha namba ya simu.

Ukivuka mpaka, kila Mkenya anayeishi kule ni mdhamini wako. Mlinzi, yaya, muuguzi, dereva, mwanafunzi. Tofauti ni kwamba mdhamini wa SACCO aliulizwa kabla ya kuweka sahihi. Yule ndugu wa Dubai hakuulizwa.

Mwaka 2018, Michezo ya Jumuiya ya Madola ilifanyika Gold Coast, Australia. Kabla michezo haijaisha, wanamichezo kadhaa kutoka nchi za Afrika, wanane wakiwa wa Cameroon, walikuwa wametoweka kambini. Sitamhukumu mtu ambaye maisha yake yako hatarini nyumbani. Huyo ana njia ya kisheria ya kuomba hifadhi. Ninasema juu ya mtu anayechukua viza ya michezo huku amepanga toka nyumbani kupotelea huko. Viza yake inalipwa na mwanariadha mwingine, mwaminifu, atakayeketi mbele ya afisa wa ubalozi mwaka unaofuata na kuulizwa maswali mara tatu.

Na tusiseme hayo ni ya nje tu. Agosti 2025, tulipokuwa wenyeji wa CHAN, kuna mashabiki waliolazimisha kuingia Kasarani bila tiketi. CAF ikatuadhibu, na kwenye mechi yetu na Zambia idadi ya watazamaji ikapunguzwa hadi 27,000. Waliovunja lango walikuwa wachache. Waliofungiwa nje walikuwa maelfu, wengi wao hawajavunja hata kikombe.

Mwambie jirani yako: mimi ni mdhamini wako, usinifilisi.

2. Sheria ya mwenyeji si ya kujadiliwa mlangoni

Soma tena Mathayo 17. Wakusanya kodi ya hekalu wanamuuliza Petro kama mwalimu wake hulipa. Yesu anamwonyesha Petro kwamba kwa haki, mwana hadaiwi kodi katika nyumba ya babake. Alikuwa na hoja, na hoja yenyewe ilikuwa ya kweli! Lakini akamtuma Petro baharini kuvua samaki, na kodi ikalipwa, ya wote wawili, ili wale watu wasikwazike. Bwana wetu alilipa kitu ambacho hakudaiwa. Mimi nilibishania faini niliyostahili.

Mnakumbuka Kombe la Dunia la Qatar, 2022. Siku mbili tu kabla ya mechi ya kwanza, tarehe 18 Novemba, ilitangazwa kwamba bia haitauzwa kuzunguka viwanja. Watu wakalalamika dunia nzima. Sisi tusiokunywa tukasema "Amina" haraka sana. Lakini tuwe wakweli, hiyo Amina haikutugharimu chochote. Kutii sheria unayoipenda si utii bado. Utii unapimwa na ile sheria inayokugusa wewe.

Kwa hivyo tuangalie zinazotugusa.

Miraa. Meru ni zao halali, linasomesha watoto. Vuka Namanga uingie Tanzania, inaitwa mirungi na ni dawa ya kulevya. Uingereza waliipiga marufuku mwaka 2014. Kijana anayesema "nilikuwa nabebea rafiki tu" atayaeleza hayo akiwa ndani.

Dawa. Kuna dawa za kikohozi na za maumivu, zile zenye kodeini au tramadol, ambazo nchi za Ghuba zinadhibiti vikali sana. Mama anaumwa mgongo, anabeba dawa zake kwa kikaratasi bila barua ya daktari, anasimamishwa uwanja wa ndege. Hakuwa na nia mbaya, lakini begi haliandikwi nia.

Mifuko ya plastiki. Sisi tuliipiga marufuku Agosti 2017, Tanzania wakafuata Juni 2019, Rwanda walitutangulia sote mwaka 2008. Mgeni akishuka Nairobi na mfuko wake wa dukani tunamwambia auache, na tunaona ni haki. Basi na sisi tukiambiwa "acha hicho" kwa jirani, tusikunje uso.

Picha. Huku tumezoea kupiga picha kila kitu na kuirusha mtandaoni kabla ya chakula kupoa. Huko Ghuba, kumpiga picha mtu bila ruhusa yake, hasa mwanamke au familia, kunaweza kukufikisha polisi. Tusi au ishara mbaya ya kidole barabarani pia ni kosa la jinai. Shabiki aliyezoea kumtukana refa, sikia hiyo.

3. Desturi haina faini, lakini ina kumbukumbu

Kuna mambo ambayo hakuna askari atakayekushika ukiyakosea. Watu watakuangalia tu, na mlango utafungwa pole pole.

Mwaka 2019 Kombe la Dunia la Raga lilikuwa Japani. Kule chale za mwilini zinawakumbusha watu magenge ya wahalifu, kwa hivyo wachezaji walishauriwa wazifunike wakienda kwenye mabwawa ya kuogelea na vyumba vya mazoezi vya umma. Sasa fikiria Samoa. Kwao chale si urembo wa vijana. Ni urithi wa mababu, ni heshima. Wangeweza kusema, "Huu ni utamaduni wetu, mtuzoee." Badala yake walivaa nguo za mikono mirefu wakaingia majini. Hawakuzifuta chale zao, wala hawakuzionea haya. Walizifunika kwa sababu ya mwenyeji.

Ndiyo maana ya 1 Wakorintho 9. Paulo alikuwa huru, na akatumia uhuru wake kujifunga ili awapate watu. Na alipofika Athene, katika Matendo 17, kabla ya kusema alizunguka kwanza mjini akiangalia. Sisi wengi tunaanza kwa kusema.

Tuje karibu na nyumbani. Mkenya akiingia hotelini Dar es Salaam anasema, "Leta chai." Kwake hajakosea, ndivyo tunavyoongea. Lakini mhudumu amesikia amri ya bosi. Kule watu husema, "Naomba chai." Mzee unamwamkia shikamoo kabla ya kumuuliza njia ya kwenda uwanjani. Kampala pia, ukianza na swali kabla ya kusalimu, umeshaanza vibaya. Na ukivuka kwenda Zanzibar, ambako Uwanja wa Amaan uliandaa mechi za CHAN, kaptura na mabega wazi ni vya ufukweni, si vya kupita navyo mitaa ya watu. Ikiwa ni Ramadhani, usile mchana hadharani mbele ya waliofunga. Dada, leso moja kwenye begi inatosha. Kaka, suruali ndefu haijawahi kumzuia mtu kushangilia bao.

4. Mpaka uko wapi?

Hapa naomba tutulie, maana hapa ndipo pagumu.

Kijana mmoja aliniuliza baada ya ibada, "Pasta, sasa nikienda nchi ambayo sheria inakataza kuhubiri, nikanyamaza, si nimemwonea Yesu haya?" Ni swali zuri, na lilitoka moyoni.

Tuchukue Qatar. Sheria yao inakataza kumshawishi Mwislamu abadili dini, na adhabu yake ni kifungo. Lakini Doha kuna eneo la Mesaimeer ambalo serikali iliruhusu makanisa yajengwe. Nje huoni msalaba. Ndani, waumini wa mataifa mengi wanamwabudu Mungu, na ibada zao kubwa zinakuwa Ijumaa kwa sababu ndiyo siku ya mapumziko kule. Watu hao hawajamkana Yesu. Wanamtumikia ndani ya mipaka waliyopewa, mwaka baada ya mwaka.

Sasa fikiria shabiki mwenye bidii anayeingia kwa siku kumi na vitabu vidogo vya injili, anavigawa nje ya uwanja. Anakamatwa, anarudishwa nyumbani, anatoa ushuhuda kanisani na tunapiga makofi. Ni nani anaitwa kuhojiwa baada yake? Ni wale ndugu wanaobaki. Wewe unarudi Jumatatu, kanisa la kule linabaki.

Danieli anatusaidia. Babeli walimpa jina jipya, akalibeba. Walimfundisha lugha na elimu ya Wakaldayo, akasoma. Ilipofika chakula cha mfalme, akasema moyoni hapana. Angalieni alivyoisema hiyo hapana. Hakupindua meza. Alimwomba msimamizi kwa adabu, akafikiria hatari ambayo yule mtu angeingia kwa sababu yake, akapendekeza majaribio ya siku kumi. Sisi tuliosoma biashara tunaweza kusema alileta pendekezo ambalo pande zote zingeweza kutia sahihi. Na siku ilipofika ya kuchagua kati ya maombi na tundu la simba, katika Danieli 6, alichagua maombi, akalipa gharama mwenyewe bila kumtukana mfalme.

Kwa hivyo mpaka ni huu. Sheria ikisema usiimbe kwa kipaza sauti, punguza sauti. Ikisema usihubiri barabarani, basi ishi vile mtu atakuuliza kwa nini uko hivyo. Ikisema usujudie sanamu au umkane Bwana, hapo jibu ni la Petro na Yohana katika Matendo 4: Mungu kwanza. Lakini tuwe waangalifu tusiite kila usumbufu mateso kwa ajili ya Injili. Faini yangu ya metro haikuwa msalaba. Ilikuwa faini.

Na ukiona huwezi kuishi chini ya sheria za nchi fulani hata kwa wiki mbili, uko huru kabisa kukaa nyumbani na kuangalia mechi kwa runinga. Hakuna aliyekulazimisha kununua tiketi.

5. Zaidi ya kutii

Yeremia aliwaandikia watu waliohamishwa Babeli kwamba wautakie mji ule amani na kuuombea. Hiyo inazidi kutovunja sheria. Ni kuacha mahali pakiwa pazuri kuliko ulivyopakuta.

Kule Qatar, tarehe 23 Novemba 2022, Japani waliifunga Ujerumani 2-1. Shangwe ya kichaa! Mechi ilipoisha, mashabiki wa Japani wakatoa mifuko wakaokota takataka. Wachezaji nao wakaacha chumba cha kubadilishia nguo kikiwa safi, na ndege wa karatasi waliokunjwa kwa mikono, pamoja na shukrani zilizoandikwa kwa Kijapani na kwa Kiarabu. Kwa Kiarabu, wapendwa. Walijifunza neno la mwenyeji wao.

Kumbuka pia Kamaishi, mji wa Japani ulioumizwa na tsunami mwaka 2011. Oktoba 2019 mechi ya Kanada na Namibia pale ilifutwa kwa sababu ya kimbunga. Wachezaji wa Kanada wangeweza kulala hotelini. Walichukua sepetu wakaenda kusaidia kuondoa matope.

Na kuna wetu. Kijana Mkenya aliyekuwa akifanya kazi Doha wakati wa lile Kombe la Dunia, aliyeketi kwenye kiti kirefu karibu na kituo cha Souq Waqif na mkono mkubwa wa sponji, akiwaelekeza watu iliko metro kwa wimbo mpaka umati ukawa unamjibu. Dunia ikampa jina la Metro Man, akaalikwa uwanjani kwenye mechi ya England na Marekani. Mimi nilipeleka aibu ya Kenya kwenye metro moja. Yeye kwenye metro nyingine alipeleka furaha, akifanya tu kazi aliyopewa, kwa moyo. Ni Wakenya wangapi pale Doha walioingia kazini asubuhi yake wakiwa wametembea kifua mbele?

Kabla hujafunga begi

- Soma sheria za nchi unayoenda kutoka kwa ubalozi wake au wizara yetu ya mambo ya nje, si kutoka kwa ujumbe uliosambazwa kwenye kikundi cha simu.
- Beba dawa kwenye pakiti zake na barua ya daktari. Uliza mapema kama zinaruhusiwa.
- Funga begi lako mwenyewe. Usibebe mzigo wa mtu, hata akiwa wa kanisa.
- Jifunze maneno matatu ya mwenyeji: salamu, tafadhali, asante.
- Omba ruhusa kabla ya kupiga picha ya mtu.
- Jua siku ambayo viza yako inaisha, na uwe umeondoka kabla yake.
- Ukikosea, tangulia na pole. Usibishane, usitoe hongo. Mambo yakiwa mazito, omba kuzungumza na ubalozi wa Kenya.
- Watafute waumini na Wakenya walioko huko. Wasikilize, wanaijua nchi kuliko wewe.

Maswali ya kujadili katika ushirika wa nyumbani

1. Ni sheria gani ya mahali pengine ingekugusa wewe hasa, na ungeitii vipi bila kinyongo?
2. Danieli alikubali jina na elimu, akakataa chakula. Kazini au shuleni kwako, ni kipi cha kukubali na kipi cha kukataa?
3. Tutakapowapokea wageni mwaka 2027, tungependa wafanye nini tukiwa wenyeji? Je, sisi hufanya hivyo tukiwa kwao?
4. Taja jina la mtu unayemjua anayeishi nchi ya kigeni. Tabia yako ingemsaidia au ingemgharimu vipi?

Tuombe

Yule mlinzi wa Dubai sikumuuliza hata jina. Nilikuwa na haraka ya kuiepuka aibu. Lakini ninamwombea, na ninawaomba mniunge mkono.

Baba, tunakushukuru kwa ndugu na dada zetu walio mbali, wanaolinda milango, wanaolea watoto wa wengine, wanaofagia vituo usiku. Tusamehe pale tulipowaongezea mzigo. Vijana wetu wanapojiandaa kusafiri, wape masikio kabla ya midomo. Tupe adabu ya Danieli, na hapana ya Danieli pale inapohitajika. Jina la Mwanao tunalolivaa kifuani lisitiwe doa na miguu yetu. Katika jina la Yesu, Amina.